Kobe Hana Gamba la Chuma

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi katika baraza la wadi, Kisumu

  Ninamshukuru daktari wa mifugo aliyeketi hapa pembeni ili anirekebishe nikikosea. Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwafikishia wakazi yale ambayo idara zetu zinataka yajulikane. Safari hii idara ya mifugo imeniomba nizungumze kuhusu kobe, yule ambaye kwa Kijaluo tunamwita opuk, na jinsi anavyoumia ndani ya nyumba za watu wanaompenda.

Nilipokuwa nikiingia hapa, mzee mmoja aliniuliza kama kaunti imemaliza shida ya maji na taka ndipo ikapata muda wa kobe. Swali lake ni halali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, kuanzia leseni za mbwa hadi mahali pa kuwatunza wanyama na kuwazika. Wanyamapori nao ni jukumu la serikali ya kitaifa, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kobe anayeishi katika ua wa nyumba amekaa katikati ya ofisi hizo mbili. Na mnyama aliyekaa katikati ya ofisi mbili, mzee wangu, mara nyingi hakuna anayemshughulikia.

Nianze na sheria, kwa sababu nikiiacha mwisho mtakuwa mmeshaanza kuangalia saa. Kobe wetu wa nchi kavu ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, huwezi kumfuga bila kibali cha KWS. Ukimwokota barabarani ukielekea Ahero ukampeleka nyumbani, hata kwa nia safi kabisa, hajawa wako. Na msidhani sheria hii huwahusu wenye pembe za ndovu peke yao. Mwezi Mei mwaka 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu walipatikana Naivasha na maelfu ya malkia wa sisimizi. Sisimizi, jamani. Kobe ni mkubwa zaidi ya sisimizi.

Sababu ya ukali huo si ngumu kuelewa. Kobe huzaa polepole na huchukua miaka mingi kukomaa, kwa hiyo wakianza kuchukuliwa, pengo halizibiki upesi. Wenzetu wa Zanzibar walijionea hilo katika kisiwa cha Changuu. Mwaka 1919 walipokea kobe wakubwa wanne kutoka Ushelisheli. Kufikia mwaka 1955 walikuwa wamefika kama 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kitoweo na wengine kwa kuwauza nje wakafugwe majumbani, hata mwaka 1996 wakabaki saba. Ilibidi wajengewe ua maalumu wa kulindwa. Mtu mmoja akichukua mmoja huona hajafanya kitu, na watu mia wakifanya hivyo kisiwa kinabaki kitupu.

Basi ikiwa huna kobe, usimtafute. Ukimwona anavuka barabara na ni salama kwako kusimama, mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache aende zake. Usimbebe kumpeleka msitu wa mbali unaodhani ni mzuri zaidi, kwa sababu anajua anakokwenda kuliko wewe.

Lakini najua kuna kobe katika kaunti hii ambao tayari wako majumbani, baadhi wakiwa na kibali na wengine bila. Nitazungumza na wenye nyumba hizo zote, kwa sababu mfupa ukivunjika hauulizi karatasi iko wapi.

Kuna kisa nilichosimuliwa, nami nakisema bila jina la mtu wala la mtaa. Msichana wa miaka tisa alimbeba kobe wao hadi ghorofa ya pili ili awaonyeshe wenzake walio chini. Alimwinua juu ya ukingo wa roshani. Kobe akakojoa, kama kobe wote wanavyofanya wakiinuliwa kwa ghafla, na yule mtoto, kwa kushtuka, akafungua mikono. Kobe alipookotwa alikuwa anatembea. Gamba lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Familia ikamfuta damu, ikasema afadhali hakuna kubwa, ikamrudisha kwenye boksi lake. Nusu yao walitaka kumpeleka kwa daktari, na nusu wakaogopa kwamba wataulizwa kibali. Siku zikapita. Walipoona inzi wametaga mayai kwenye ule ufa, na kobe hali tena wala hanyanyui kichwa, walikuwa wamechelewa. Mtoto yule, nilivyoambiwa, bado anaamini kwamba ni yeye aliyeua. Mimi sikubaliani naye. Kilichoua ni siku zile za kungojea, na kungojea huko kulikuwa uamuzi wa watu wazima.

Watu wengi hungojea kwa sababu hawajui gamba ni nini. Tunadhani ni kama nyumba ya konokono, au kofia ngumu ya boda boda, kitu ambacho mnyama amekivaa na anaweza kukivua. Si hivyo. Gamba ni mifupa ya kobe mwenyewe, vipande hamsini hadi sitini hivi vilivyoungana, na uti wake wa mgongo na mbavu zake zimeshikamana nalo kwa ndani. Juu ya mfupa huo kuna tabaka gumu la aina ya ukucha, hilo lenye michoro mizuri tunayoipenda. Kati yake mna damu na mishipa ya fahamu. Ukilikwaruza gamba, anasikia. Likipasuka, mfupa umevunjika, na mvunjiko huo uko wazi kwa vumbi na vijidudu. Isitoshe, mapafu ya kobe yako juu kabisa, chini tu ya paa la gamba. Ufa wa mgongoni unaweza kufika kwenye pafu. Ukiona mapovu yakitoka kwenye ufa kila anapopumua, usimalize hata chai yako, nenda kwa daktari.

Nitaje hapa jambo moja linaloudhi. Bado kuna watu wanaotoboa tundu kwenye ukingo wa gamba na kupitisha waya au kamba ili wamfunge kobe asitoroke. Huko ni kutoboa mfupa wa kiumbe hai bila ganzi. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ilikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa, na haisemi kwamba kobe hahusiki kwa kuwa hapigi kelele. Na kupaka gamba rangi ya nyumba ili apendeze siku ya arusi, tafadhali, hapana.

Sasa, kobe huangukaje? Tunadhani ni mnyama mjinga anayejiendea tu mpaka ukingoni. Mwaka 1904 mtafiti wa Marekani aitwaye Robert Yerkes aliwajaribu kobe juu ya ubao ulioinuliwa kutoka chini. Wale wa majini walijitupa bila kusitasita sana, kwa sababu katika maisha yao chini ya ukingo huwa kuna maji. Wale wa nchi kavu walifika ukingoni wakasimama, wakachungulia, wakachelewa. Maana yake ni kwamba kobe wetu huuona ukingo na huuogopa. Akianguka, mara nyingi kuna kitu kilichomsaidia kuanguka: kigae kinachoteleza, mbwa aliyemkurupua, dumu la maji lililowekwa karibu na ukuta naye akalipanda. Na zaidi ya vyote, mikono yetu.

Hebu nikae kidogo kwenye mikono. Kobe akiinuliwa hupiga miguu kama anayeogelea hewani. Miguu yake ina nguvu kuliko unavyotarajia na kucha zake hukwaruza. Kisha anakojoa, na mkojo ule si matusi. Kobe huhifadhi maji kwenye kibofu kwa ajili ya siku za kiangazi, kwa hiyo ukimwinua ovyo kila siku unamnyang'anya akiba yake ya maji, na katika joto hili letu la Kisumu hilo ni jambo zito. Mtoto anayeshtuliwa na makucha na mkojo kwa pamoja atamwachia, hata akiwa mtoto mwenye adabu kuliko wote. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hivi: mtoto hambebi kobe akiwa amesimama. Anaketi chini, na kobe anakuja kwake. Mtu mzima akilazimika kumbeba, ashike kwa mikono miwili, mmoja kila upande katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma, amweke karibu na mwili na karibu na ardhi. Usimgeuze tumbo juu ili kuwaonyesha wageni kama ni dume au jike. Na usimweke mezani. Kila daktari wa wanyama anajua kobe aliyewekwa mezani "kwa dakika moja tu".

Kwa wale wa ghorofani, pale Milimani, Migosi, Kondele au Mamboleo, nitasema wazi, na hili ni oni langu, si la idara: nyumba ya ghorofa si mahali pa kobe. Ana haja ya jua, udongo na nyasi, na roshani haina hata kimoja kati ya hivyo kwa kutosha. Lakini ikiwa yuko huko leo, na utaratibu wa kumhamisha haujakamilika, ziba nafasi ya chini ya vyuma vya roshani kwa ubao usiopenyeza mwanga. Nasema ubao, sio wavu, kwa sababu kobe akiona upande wa pili atasukuma na kupanda usiku na mchana, na akikuta kitu asichoweza kuona kupitia, baada ya muda hukiacha. Ubao huo uwe na kimo cha mara mbili ya urefu wake. Ondoa vyungu vya maua, matofali na madumu yaliyo karibu nao. Pembe za ukuta ndizo hatari zaidi, kwa kuwa hapo hupata mahali pa kukanyaga pande zote mbili na kujivuta juu. Mlango wa kwenda kwenye ngazi ufungwe, na usiseme kwamba ni ngazi tatu tu. Kwa mnyama aliye karibu na ardhi kiasi kile, ngazi tatu ni genge.

Walio na ua wa chini wana genge zao pia. Shimo la choo linalochimbwa, mtaro wa maji ya mvua, msingi wa nyumba inayojengwa, kisima kisicho na mfuniko. Kaunti hii inajenga kila kona, na shimo la leo asubuhi halikuwepo jana. Funika kwa mabati na uweke jiwe juu. Utakuwa umemwokoa hata mtoto wa jirani.

Kuna kuanguka kwingine ambako hakuna urefu wowote, nako ni kupinduka. Kobe akilala chali, viungo vyake vya ndani hulemea mapafu, na kama yuko juani hupikwa ndani ya gamba lake mwenyewe. Madume wawili waliofungwa ua mmoja hugongana na kupinduana, kwa hiyo usiwaweke pamoja. Kwenye saruji laini au vigae hana cha kushika ili ajigeuze. Kwenye udongo wenye mafundo ya nyasi na mawe mapana ya hapa na pale huwa anaweza. Ukimkuta chali, mgeuze polepole, mpeleke kivulini, mpe maji kwenye sahani isiyo na kina, na mtazame siku hiyo yote.

Mbwa nao nisiwasahau. Mbwa huona kobe kama mfupa unaotembea, na hata yule mpole aliyelala naye ua mmoja kwa miaka anaweza siku moja kuanza kumtafuna ukingo wa gamba. Msiwaache pamoja bila mtu. Ng'ombe naye hana ubaya wowote, ila ana uzito. Mnakumbuka kisa cha Owen na Mzee kule Haller Park, Mombasa? Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi alimganda kobe mkubwa, Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, wakalala na kula pamoja, dunia nzima ikawapenda. Lakini watunzaji wao hatimaye waliwatenganisha, maana kiboko alikuwa anakua na angeweza kumuumiza yule rafiki yake bila kukusudia. Kama Mzee mwenye gamba lile alihitaji kukingwa na upendo wa kiboko, huyu wako anahitaji kukingwa na fahali wa baba mkwe.

Na gari. Saa sita mchana kivuli kizuri zaidi uani kiko chini ya gari, naye huenda akajilaza nyuma ya gurudumu. Kabla ya kurudisha gari nyuma, inama uangalie. Kabla ya kufyeka nyasi kwa fyekeo au mashine, tembea kwanza. Kabla ya kuchoma rundo la majani makavu, ligeuze, kwa sababu kobe hupenda kujificha humo. Ndugu zetu wa Muhoroni na Chemelil wanaochoma mashamba wanalijua hili vizuri, kwa kuwa wamekuta magamba kwenye majivu.

Sasa nifike ziwani, na hapa ndipo idara iliniomba nikaze sauti. Kuna watu wema, nasema wema kwa kweli, ambao wakichoka na kobe au wakimkuta mjini humchukua hadi Dunga au ufuo mwingine na kumtupa majini, "arudi kwao". Kobe wa nchi kavu hawezi kuogelea. Anazama na kufa. Ziwa letu lina kobe wake wa majini, hao wa matopeni ambao wavuvi huwanasa kwenye nyavu, nao ni jamii nyingine. Tofauti huonekana kwa macho. Wa nchi kavu ana gamba lililoinuka kama sufuria iliyofunikwa, na miguu minene kama ya ndovu mdogo. Wa majini ana gamba bapa zaidi na vidole vyenye ngozi kati yake, na wale wa ziwa letu wakiogopa hawaingizi kichwa moja kwa moja, huikunja shingo kando, chini ya ukingo wa gamba. Huyo wa pili ndiye mwenye haki ya kurudishwa majini, mzima, kutoka kwenye wavu wako. Huyo wa kwanza ukimtupa ziwani umemhukumu.

Na maji yakija yenyewe? Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiasi tulichozoea, nyumba za ufuoni zikaingiliwa, na watu wa Nyando hawahitaji kusimuliwa habari za mafuriko. Mkihamisha kuku na mbuzi, kumbukeni kwamba kobe hapandi mti wala halii kuomba msaada. Hata sahani yake ya maji ya kila siku isiwe na kina kupita kidevu chake.

Kabla ya huduma ya kwanza, neno moja la chakula, kwa sababu linahusu kuvunjika. Kobe anayelishwa ugali, mkate na maziwa, tena akaishi kwenye boksi ndani ya nyumba, mifupa yake hulainika. Gamba linabonyea au linapinda. Huyo akianguka kutoka kimo ambacho mwenzake angetikisika tu, yeye hupasuka. Kobe wetu mwenye madoa ni mla nyasi. Mpe nyasi, majani, magugu yasiyopigwa dawa, jua la asubuhi, na maganda ya mayai yaliyosagwa kwa ajili ya chokaa. Huko porini hutafuna hata mifupa mikavu ili aipate.

Haya, ameanguka. Kwanza usiangalie anatembea au hatembei. Kobe aliyevunjika hutembea. Mchunguze pande zote, juu na chini, pamoja na kinywa na pua: damu, ufa, kipande kilichobonyea, mguu unaoburuta. Damu ikitoka, kandamiza taratibu kwa kitambaa safi. Osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, lakini kama ufa ni mkubwa au una mapovu usimwage maji humo, funika tu. Vipande vya gamba vilivyotoka usivitupe, vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu uende navyo. Funika jeraha kwa bendeji safi ili inzi wasifike, kwani hapa kwetu inzi ndio mbio za kwanza. Mweke kwenye boksi la katoni lenye taulo, mahali pakavu, penye joto la kawaida, pasipo jua kali. Usimtumbukize kwenye karai kumwogesha.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: usipake gundi. Wala mafuta ya gari, wala majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala dawa ya meno. Najua gundi ile ya matone inashika viatu vizuri. Ukiimwaga kwenye ufa unafungia vijidudu ndani, na usaha utakula mfupa usiouona. Kuna madaktari wanaounga gamba kwa vifaa maalumu, ila huanza kwa kusafisha na dawa za kuzuia maambukizi, na huangalia kwanza kama ndani kumepona.

Nenda siku hiyohiyo. Daktari wa mifugo wa kaunti atamwangalia na kukuelekeza, na KWS wako pale Impala, kwenye barabara ya kwenda Dunga, mahali ambapo kila mtoto wa Kisumu amewahi kupelekwa na shule. Kuhusu hofu ya kibali, sina mamlaka ya kuahidi msamaha kwa niaba ya ofisi nyingine, na sitawadanganya. Ninachoweza kusema ni kwamba anayekuja mwenyewe na mnyama aliyeumia mikononi hafanani na anayekutwa amemficha chini ya kitanda. Ofisi yetu ya wadi iko tayari kuongozana na mtu yeyote anayeona lango la KWS ni refu.

Mkimaliza kumshika, osheni mikono kwa sabuni. Kobe anaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo, wale ambao gamba lao halijafika sentimita kumi hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Asioshwe kwenye sinki la jikoni.

Mama mmoja hapa ameandika swali kwenye karatasi: aliyeunganishwa gamba atakaa ndani kwa muda gani? Mama, mfupa wa kobe huungana polepole kama yeye mwenyewe. Ni miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Katika muda huo akae sakafuni, si juu ya kitu, kwenye sehemu kavu iliyotandikwa magazeti yanayobadilishwa kila siku, mbali na inzi, na arudi kwa daktari kila atakapoambiwa. Magazeti ya zamani ya kaunti yanafaa sana kwa kazi hiyo, na sitaona vibaya.

Daktari atabaki hapa nusu saa. Amekuja na jiwe lenye uzito wa kobe mkubwa, naye atawaonyesha namna ya kulishika na kuliinua. Watoto waanze, na waanze wakiwa wameketi.